Pesa za wazee: tazameni kitambulisho kabla ya kumlaumu chifu

Mhariri,

Neno huanza na mtu mmoja wa boda: "Pesa za wazee zimeingia." Likipita kwa muuza mahamri, kufikia saa nne asubuhi foleni ya mabibi na mababu imeshatoka nje ya mlango wa wakala, mwengine kashika mkongojo, mwengine kaletwa kwa tuktuk ya kukopa. Wengi wao hurudi mikono mitupu, na jioni lawama zote zinamwangukia chifu kwamba amefuta majina. Sisi tunaowasaidia wazee na watu wenye ulemavu kujaza fomu na kufuatilia malipo Likoni na Kisauni, hapa Mombasa, tunaomba nafasi gazetini tueleze pesa hizi hukwama wapi. Mara nyingi chifu hana habari. Zimekwama kwenye herufi moja ya jina, kwenye mwaka wa kuzaliwa, au kwenye laini ya simu iliyosajiliwa kwa mjukuu.

Pesa zenyewe kwanza. Zinatoka Inua Jamii, mpango wa posho wa serikali kuu ya Kenya, si wa kaunti, kwa hivyo kumfuata mwakilishi wa wadi ni kupoteza nauli. Una makundi matatu: wazee, nyumba zinazolea mayatima na watoto walio katika hali ngumu, na watu wenye ulemavu mkali. Kiwango ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na hakijabadilika kwa zaidi ya miaka 10. Ukigawa kwa siku 30 unapata shilingi 66 na senti. Kama zinatosha au hazitoshi ni mjadala wa barua nyingine. Hapa tunazungumzia hizo hizo 66 zimfikie mwenyewe.

Jambo ambalo watu hawaliamini hata ukilirudia: kufikisha miaka 70 hakukuingizi kwenye orodha. Mpango wa waliofikisha 70 ulipotangazwa 2017 na kuanza 2018, waliandikishwa waliokuwapo wakati ule wenye kitambulisho na wasio na pensheni. Aliyefikisha umri baadaye husubiri serikali ifungue usajili mpya, na usajili hufunguliwa kulingana na bajeti. Haufunguliwi kila siku ya Jumatatu ofisini kwa chifu. Ukifunguliwa, mzee huulizwa hali ya nyumba: wanaoishi humo ni wangapi, paa na sakafu ni za nini, maji yanatoka wapi, nani analeta chakula. Jibu lililo kweli ndilo jibu. Wapo wanaoona haya kusema nyumba ni ya udongo mbele ya majirani, na wapo wanaoficha pensheni ya bandari au reli. Wa kwanza anajinyima, wa pili atagunduliwa rekodi zikilinganishwa. Anayekuomba shilingi mia mbili "asukume jina" hana jina la kusukuma. Kuandikishwa hakuna ada. Unachoweza kulipa kwa halali ni fotokopi, picha na nauli.

Sasa kitambulisho, maana hapa ndipo penye kazi. Wazee wengi wa Pwani hawakuzaliwa hospitali. Walipokwenda kuchukua kitambulisho, karani aliwatazama usoni akakadiria. Ndiyo maana utamkuta bibi mwenye mtoto wa kwanza wa miaka 58, na kitambulisho chake mwenyewe kinasema kazaliwa 1957. Mashine haimwoni mjukuu wala kitukuu, inasoma mwaka tu. Kurekebisha umri kunawezekana kupitia ofisi ya usajili wa watu, na dawati la huduma hizo lipo pia Kituo cha Huduma katika jengo la Posta, Barabara ya Digo. Lakini ushahidi lazima uwepo: cheti cha kuzaliwa, cheti cha ubatizo, au makadirio ya umri yaliyofanywa na daktari wa hospitali ya serikali na kupigwa muhuri. Kiapo cha wakili peke yake mara nyingi hakitoshi. Na asiyefika 70 asijiongezee. Hilo ni kosa la jinai, na kitambulisho kilichobadilishwa kitamsumbua benki na kwenye ardhi kuliko hizo 2,000 zitakavyomsaidia.

Majina ni balaa jengine. Bibi anaitwa Fatma kwenye kitambulisho, Fatuma benki, na Fatma binti Athman kwenye rejista ya mpango. Babu ni Mohamed Omar Bakari kwa chifu, Muhammad Omari kwenye laini ya simu. Kwetu majina hayo ni mtu mmoja, na mtaani hakuna atakayebisha. Kompyuta inayolinganisha rekodi ya benki na ya serikali huona watu wawili, na malipo hurudi yalikotoka. Chukua kitambulisho, kadi ya benki au ujumbe wa usajili wa simu, na kile kikaratasi cha usajili wa mpango kama kipo. Viweke mezani sambamba usome herufi kwa herufi, kisha nambari ya kitambulisho tarakimu kwa tarakimu. Tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi tumeziona mara nyingi kuliko majina yaliyofutwa.

Ukipata kosa, fuata mpangilio: kitambulisho kwanza, halafu benki, halafu simu, mwisho rejista ya mpango katika ofisi ya ustawi wa jamii ya kaunti ndogo. Ukianza na benki kabla ya kitambulisho utarekebisha mara mbili. Tena usianze marekebisho ya kitambulisho wakati malipo yanakaribia, kwa sababu utasalimisha cha zamani upewe karatasi ya kusubiri, na karatasi hiyo kaunta nyingi haziitambui. Toa kwanza pesa zilizopo, ndipo uende.

Kuhusu vidole. Pale malipo yanapohitaji kidole kwenye mashine, mkono wa mzee hauna mistari kama wa kijana. Bibi aliyekuna nazi na kusuka makuti miaka hamsini, fundi aliyekoroga chokaa, mvuvi aliyevuta kamba za majarife, ncha za vidole vyao zimesuguka zikawa laini kama kigae. Mashine inasema "jaribu tena", wakala anachoka, mzee anaambiwa arudi kesho. Kabla ya kurudi kesho, aoshe mikono kwa maji ya uvuguvugu, afute vizuri, apake mafuta kidogo sana kisha ayafute tena, kwa sababu kidole kikavu mno hakisomeki na chenye mafuta mengi hakisomeki pia. Abonyeze kwa upole. Akikandamiza, mistari michache iliyobaki inajilaza. Ikishindikana, ajaribu kidole cha mkono wa pili. Na siku ya kusajili alama, mzee au msaidizi wake aombe vichukuliwe vidole vya mikono yote miwili, si gumba moja la kulia. Jambo la kina mama: hina nzito iliyokolea nchani, na piko zaidi, huzitatiza baadhi ya mashine. Kama kuna arusi wiki ya malipo, pambeni viganja na muache ncha za vidole.

Siku hizi simu imeingia katikati ya malipo haya, na serikali imekuwa ikisukuma mambo yaelekee huko. Simu ina raha yake, kwa sababu mzee wa Shika Adabu havuki feri kwa ajili ya kaunta. Ina mitego yake pia. Mtego wa kwanza ni laini. Simu ni ya bibi, lakini laini iliandikishwa kwa kitambulisho cha mjukuu kwa sababu siku ile ndiye aliyekwenda dukani. Pesa inayotakiwa kumfikia mtu mwenye nambari fulani ya kitambulisho haiwezi kumfikia kwa laini ya mtu mwengine. Piga *106# kwenye laini za Safaricom uone nambari zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kama ya bibi haimo, mpelekeni yeye mwenyewe na kitambulisho chake dukani, asajiliwe upya. Laini nayo isilazwe kabatini; isiyotumika kwa miezi hufungwa na mwisho hupewa mtu mwengine kabisa.

Mtego wa pili ni mkopo. Kijana wa nyumbani akikopa Fuliza kwenye laini ya bibi, deni hujilipa lenyewe pesa yoyote inapoingia. Bibi anaona 2,000 zimeingia, anakwenda kwa wakala, anaambiwa zimebaki 1,140, anaanza kusema serikali imemkata. Serikali haikumkata. Fungua ujumbe mmoja mmoja uliokuja baada ya ule wa malipo usome, makato yameandikwa. Dawa ni kujitoa katika huduma hiyo kwenye laini inayopokea pesa za mzee, na laini hiyo kutotumiwa na mtu mwengine yeyote.

Na hesabu ya kutoa. Kwenye M-Pesa, kutoa kwa wakala kiasi chochote kuanzia shilingi 101 hadi 2,500 hukatwa ada ile ile, 29. Anayetoa kidogo kidogo mara nne analipa 116. Atoe mara moja, afunge kwenye kitambaa kama alivyozoea. Namba ya siri tusiizungumzie sana, ila neno moja: wakala asiwe ndiye anayeibonyeza. Mzee asiyeona au asiyesoma amchague mtu mmoja wa nyumbani wa kuibonyeza, na mtu huyo asiwe yule yule anayeshika kadi ya benki.

Sasa ile asubuhi ya "zimeingia". Kabla ya kumtoa mzee nyumbani, uliza maswali mawili. Je, kuna jirani wa kundi lile lile, anayelipwa kwa njia ile ile, aliyekwisha kuzishika mkononi? Kama hakuna, pengine Hazina haijatoa, au benki yenu haijapokea ingawa nyengine imepokea, kaeni msubiri. Kama yupo, na nyinyi hamna kitu, basi shida ni ya rekodi yenu na kusubiri hakutasaidia. Swali la pili: zimeingia za miezi mingapi? Malipo yamekuwa yakija ya mwezi mmoja na wakati mwengine ya miezi iliyolimbikizana, kwa hivyo 4,000 ni miezi miwili na 6,000 ni mitatu. Jirani akipata 4,000 na wewe 2,000, usiseme "angalau nimepata". Mwezi mmoja wako umekwama mahali.

Kwa hilo daftari la shilingi ishirini linashinda kumbukumbu. Kila malipo yaandikwe mstari mmoja: "Machi na Aprili, 4,000, wakala wa Kongowea, tarehe 6 Mei, katoa Mwanasha." Jina la aliyetoa ni muhimu kuliko lote. Kuna familia zilizogombana mwaka mzima na ofisi, kumbe pesa zilikuwa zikitolewa na mtu wa ndani mwenye kadi. Taarifa ya akaunti kutoka benki huonyesha siku na mahali zilipotolewa. Iombeni kabla ya kumtaja mtu.

Pesa zisipochukuliwa kwa miezi mfululizo, mpango huchukulia kwamba mwenyewe amefariki, amehama au hayupo, na jina husimamishwa. Utaratibu huo una maana yake, kwani bila huo marehemu wangelipwa mpaka kiyama. Lakini hapa kwetu unawaumiza watu ambao hawakufanya kosa. Wapo waliolazwa. Wapo waliopelekwa kwa watoto wao Lamu au Kwale kutunzwa. Na wapo wajane waliomo edani. Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi. Hatoki kwenda kwenye foleni, na wengi hawatoki hata kwenda zahanati. Akiingia edani akiwa tayari ana malipo mawili hajayachukua, akitoka atakuta jina limelala. Hatujaona tangazo hata moja linalotaja eda, na ofisi zenyewe zimejaa maafisa wanaoijua.

Njia ipo, lakini lazima ifuatwe mapema. Mtu wa nyumbani aende ofisi ya ustawi wa jamii ya kaunti ndogo katika wiki za kwanza, na barua ya chifu inayoeleza sababu, kitambulisho cha mzee na cha anayependekezwa kuwa mlezi wa kupokea, na fotokopi za vyote viwili. Ajaze fomu ya kubadilisha au kuongeza mlezi, kisha zoezi hilo limalizikie benki. Mlezi aliyeandikwa ofisini lakini hajulikani benki bado si mlezi. Huo ndio utaratibu wa mgonjwa wa kitandani pia. Tunaomba watu wasisubiri mpaka jina lisimame, kwa sababu kulisimamisha ni kazi ya mashine na kulirudisha ni kazi ya barua, sahihi na safari.

Mume akifa, posho yake inakwisha naye. Mjane hairithi. Kama yeye ana miaka 70 na hakuwahi kuandikishwa, anaanza upya kama mtu mwengine yeyote, hata kama alikuwa akila kwenye zile 2,000 tangu 2018.

Kwa watu wenye ulemavu mkanganyiko mkubwa ni kati ya kadi na pesa. Kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu ni kitambulisho cha ulemavu. Inafungua milango ya vifaa kama viti vya magurudumu na magongo, msaada wa karo, ruzuku za vikundi, na msamaha wa kodi kwa wenye mishahara. Haileti 2,000. Zile 2,000 ni za ulemavu mkali, maana yake mtu anayehitaji kutunzwa na mwengine wakati wote, na katika kundi hili mlezi ndiye anayepokea kwa niaba yake. Mwenye mguu mmoja anayeuza machungwa Marikiti anastahili kadi, na pengine kikundi chake kinastahili ruzuku, lakini kwenye posho hii hataingia, na si kwa sababu afisa anamchukia.

Kupata kadi huanza hospitali ya serikali iliyoidhinishwa kupima ulemavu. Mombasa wengi hupelekwa Hospitali Kuu ya Pwani, na Port Reitz pia hutajwa. Usiende kabla hujauliza siku ya jopo, kwa sababu madaktari wa kupima hawakai kila siku. Kila ulemavu una mtaalamu wake: macho kwa daktari wa macho, masikio kwa mpimaji wa usikivu akiwa na kipimo chake mkononi, akili kwa daktari wa magonjwa ya akili. Fomu iliyojazwa na daktari asiye wa fani hiyo hurudishwa. Kabla ya kuondoka hospitali tazama mambo matatu: sahihi, muhuri wa hospitali, na kiwango cha ulemavu kilichowekwa alama. Fomu isiyo na muhuri imewarudisha watu Mvita kutoka Miritini kwa ajili ya sekunde mbili za kugonga wino. Mtoto hutumia cheti cha kuzaliwa pamoja na kitambulisho cha mzazi au mlezi.

Katika chumba cha kupimia ndipo kosa kubwa linapotendeka, na ni kosa la adabu zetu wenyewe. Daktari anauliza, "Mtoto anaendeleaje?" Mama anajibu, "Alhamdulillahi, hajambo, anakula vizuri." Kwa sisi hilo ni jibu la mtu muungwana. Daktari anaandika: anakula. Hakuambiwa kwamba mtoto ana miaka 14, analishwa kwa kijiko, chakula kikiwa kimepondwa, saa nzima kwa sahani moja. Mama huyo huyo amemwogesha asubuhi, amemvika nguo safi, kampaka poda, mtoto anang'aa. Anayepima anaona mtoto anayetunzwa vizuri, na fomu inatoka imeandikwa ulemavu wa wastani.

Mshukuru Mungu, kisha eleza siku nzima kama ilivyo. Nani anamgeuza usiku, na mara ngapi. Anavaa nepi ngapi kwa siku. Akiachwa peke yake nusu saa, nini hutokea. Anashika kikombe mwenyewe au hashiki. Anasema haja inapombana au hasemi. Kifafa kinampanda mara ngapi kwa mwezi, na cha mwisho kilikuwa lini. Andika kwenye karatasi usiku mmoja kabla, kwa sababu mbele ya koti jeupe watu husahau. Kwa mzee wa kiharusi vivyo hivyo: neno "kiharusi" kwenye fomu halitoshi, kwani wapo waliopata kiharusi na wanatembea. Yaandikwe mambo asiyoweza kufanya bila mtu. Yasiongezwe chumvi wala yasipunguzwe.

Mtu akikataliwa au jina likisimama, aanze na ofisi ya ustawi wa jamii ya kaunti ndogo yake, iwe Likoni, Kisauni, Nyali, Mvita, Jomvu au Changamwe. Kamati ya wanufaika ya mtaa inaweza kumsindikiza. Ndiyo kazi yake. Nambari ya bure ya malalamiko ni 1533, na ni vizuri kupiga na kuandika nambari ya lalamiko unayopewa. Kiziwi haimsaidii kitu hiyo 1533, na hilo serikali ilitazame. Kwa yeyote, barua ni bora kuliko mdomo. Haihitaji wakili. Mistari mitano inatosha: jina kama lilivyo kwenye kitambulisho na nambari yake, mtaa na lokesheni, kundi la mpango na njia ya malipo, mwezi wa mwisho kulipwa na kiasi, na unachoomba, yaani kuelezwa kwa maandishi kwa nini malipo yamesimama. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu aliyeathiriwa na uamuzi wa ofisi haki ya kupewa sababu kwa maandishi, na kukitaja kwa upole hubadilisha sauti ya mazungumzo. Toa nakala, nakala igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Asiyejibiwa anaweza kwenda kwa Tume ya Haki za Utawala (Ombudsman), bila malipo, akiwa na nakala hiyo. Bila muhuri, ni neno lako na la karani.

Kwa ofisi zinazohusika tuna maombi, na hayahitaji bajeti kubwa. Jina lisisimamishwe kabla ya ujumbe kutumwa kwa mzee na kwa mlezi wake, na kamati ya mtaa kupewa wiki mbili kumtafuta. Siku ya malipo itangazwe kwa lokesheni, misikitini baada ya Ijumaa na makanisani Jumapili, pamoja na kusema ni ya miezi gani. Uvumi wa boda utakufa wenyewe. Majina ya waliosimamishwa yasibandikwe ukutani, maana orodha ya wagonjwa na walemavu si tangazo la mnada; nambari nne za mwisho za kitambulisho zinatosha. Zoezi la kuhakiki lisifanywe siku moja uwanjani juani, na kama linaangukia Ramadhani lianze saa mbili na kumalizika kabla ya adhuhuri. Na fomu ya mlezi iwe na mahali pa kuandika "eda" kama sababu, pamoja na tarehe ya kuanza na ya kumalizika, ili mama wa watu asilazimike kumweleza kijana wa kaunta kwa nini hakutoka nyumbani.

La marehemu tulitaje, ingawa hakuna anayelipenda. Mzee akifariki, chifu na ofisi ya ustawi wa jamii waarifiwe mapema, mtu akiwa na kibali cha mazishi au cheti cha kifo na kadi ya malipo. Pesa zitakazoingia baada ya siku ya kifo zisiguswe, hata kama namba ya siri mnaijua na hata kama ndizo zingelipia arobaini. Zikitolewa, aliyetoa ataulizwa azirudishe, na tumeona jambo hilo likiiharibia nyumba nzima nafasi ya kuandikishwa tena. Zile zilizoingia akiwa hai na hakuwahi kuzitoa ni jambo tofauti. Zidaiwe kwa barua ile ile ya mistari mitano, mkitaja tarehe zilipoingia, mkiambatanisha taarifa ya akaunti.

Wasaidizi wa kujitolea,
Likoni na Kisauni, Mombasa